Sailensa ya pikapu ya zamani: inachuja nini, na inachaguliwaje

Sailensa ni kopo la chuma lililofungwa kwenye bomba la ekzosi ili kupunguza mlio wa injini kabla haujafika nje. Maelezo hayo ni sahihi, ila yanamwacha mwenye gari la zamani njia panda, maana yanamfanya aamini kwamba sauti inanunuliwa pamoja na kopo. Sailensa haina sauti ya kumpa mtu. Kazi yake ni kuondoa. Injini inatoa sauti nyingi kwa mkupuo, nene na nyembamba, na sailensa inaamua zipi zife njiani na zipi zipite. Fundi wa Nyakato, hapa Mwanza, anapouliza, "Mzee, tuitulize au tuiache ingurume?", jibu la maana linaanzia kwenye injini iliyo chini ya boneti, kabla ya kutazama makopo.

Sauti inazaliwa pale vali ya kutolea moshi inapofunguka. Wakati huo pistoni haijafika chini kabisa, na gesi iliyomo kwenye silinda bado ina shinikizo mara kadhaa ya lile la hewa ya nje. Inatoka kwa kishindo. Silinda inayofuata inatoa chake, na inayofuata chake, mpaka sikio linashindwa kuvitenganisha na kusikia mngurumo mmoja. Katika injini ya mipigo minne, kila silinda inatoa kishindo kimoja kwa kila mizunguko miwili. Kwa hiyo injini ya silinda sita inayozunguka mara 2,000 kwa dakika inatoa vishindo 100 kwa sekunde. Ya silinda nne kwa kasi hiyohiyo inatoa 67 hivi, na ya silinda nane 133.

Hapo ndipo tabia ya gari inapopatikana. Chukua Toyota Land Cruiser FJ45, pikapu ambayo wengi wa kanda hii wameikuta kwa baba zao. Injini yake ni ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na kuanzia 1975 ilikuwa ile ya 2F yenye lita 4.2. Silinda sita za mstari zinapishana sawasawa, kila nyuzi 120 za mzunguko, ndiyo maana mlio wake ni laini na mrefu, kama wa mtu anayevuta wimbo kwa sauti nzito bila kukata pumzi. Lori la Bedford TJ lenye injini ya petroli ya silinda sita lina mpangilio huohuo. Land Rover 109 ya silinda nne, ile ya lita 2.25, inagonga zaidi, vishindo vikiwa vimeachana.

Pikapu za Kimarekani, kama Chevrolet C10 au Ford F-100 zenye V8, ni ukoo mwingine kabisa. Zina safu mbili za silinda nne, na krenki yake, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, imekunjwa kwa namna ambayo kila safu peke yake inapokea moto bila mpangilio sawa: silinda mbili za upande mmoja zinafuatana haraka, kisha pengo. Kule kugugumia kunakopendwa kwenye video kunatokana na pengo hilo. Hakuna sailensa duniani inayoweza kuweka pengo ndani ya injini ya silinda sita ambayo haina. Nalisema kwa uchungu kidogo, kwa sababu vijana wengi wanatumia fedha ngumu kutafuta sauti ya V8 kwenye FJ45, huku gari lao lina sauti nzuri ya kwake inayosubiri kusafishwa tu.

Sailensa zenyewe si mpya. Ndugu wawili wa familia ya Reeves, wa Columbus katika jimbo la Indiana huko Marekani, walipata hataza ya kifaa cha kupunguza mlio wa injini mwaka 1897, magari yakiwa bado kitu cha ajabu. Tangu wakati huo mawazo makuu ndani ya kopo hayajawa mengi.

Sailensa ya kiwandani kwa kawaida ina mabomba mafupi yenye matundu na kuta zinazoligawa kopo katika vyumba. Gesi inaingia, inageuzwa kurudi nyuma, inageuzwa tena kwenda mbele, ndipo itoke. Katika kila kona wimbi la sauti linagonga ukuta na kurudi kukutana na lenzake, na baadhi yanafutana. Hii ndiyo inayotuliza kuliko zote, na inazibana zaidi sauti nene. Gharama yake ni kwamba gesi nayo inabanwa.

Aina ya pili haina ujanja mwingi. Ni bomba lililonyooka, limetobolewa matundu mwili mzima, likazungushiwa nyuzi za kioo au pamba ya chuma, kisha likafunikwa kwa ganda la nje. Ukichungulia upande mmoja unaona mwanga upande wa pili. Gesi inapita bila kizuizi, sauti inavuja kwenye matundu na kumezwa na nyuzi. Lakini nyuzi hizo zinameza vizuri sauti nyembamba tu, zile za mikwaruzo na miluzi, na kuziacha nene zipite karibu zote. Ndiyo maana kwa sailensa hii gari linapata sauti pana ya kifuani. Na ndiyo maana inawachosha watu. Tena ina umri: nyuzi zinaungua na kupeperuka kidogo kidogo, na gari lililokuwa na mngurumo wa heshima mwaka wa kwanza linakuwa la kupayuka baada ya muda.

Ya tatu ina vyumba kama ya kwanza, ila haina nyuzi wala mabomba mengi, ni kuta chache tu zilizopinda za kugawanya mkondo na kuukutanisha tena. Ina ukali wa bati. Kwa V8 inapendeza. Kwa silinda sita za mstari, kwa maoni yangu, inaharibu kilicho bora zaidi katika injini hiyo, yaani ulaini.

Sasa tuje kwenye jambo linalowafanya watu warudi kwa fundi wiki ya pili: mvumo. Gari likiwa limesimama, linaunguruma vizuri, kila mtu anatabasamu. Ukishaingia barabara ya Usagara na kushika kilomita 80 kwa saa, kabini inajaa mvumo mzito usiokatika, unaoingia kichwani na kukaa humo mpaka Misungwi. Sababu yake inaweza kuhesabiwa. FJ45 yenye gia nne, kwa mwendo huo, injini inazunguka kati ya mara 2,000 na 2,400 kwa dakika kutegemea matairi na difu (gia za kwenye ekseli), yaani vishindo 100 hadi 120 kwa sekunde. Kabini ya pikapu ya zamani ina upana wa karibu mita 1.5, na nafasi ya upana huo kati ya kuta mbili za bati inaitikia mitetemo ya karibu 115 kwa sekunde. Injini na kabini vimekutana kwenye noti moja. Sauti yenyewe nje inaweza isiwe kubwa hata kidogo.

Kubadilisha kopo moja kwa jingine la aina ileile hakuondoi mvumo huo. Kinachoupunguza ni bomba bubu: tawi linalotoka kwenye bomba kuu, limezibwa mwisho, lenye urefu wa robo ya wimbi linalosumbua. Wimbi linaingia kwenye tawi, linagonga mwisho, linarudi likiwa kinyume cha lile linalopita, na yanafutana. Ndani ya ekzosi yenye moto sauti inakimbia haraka kuliko hewani, kiasi cha mita 500 kwa sekunde, hivyo kwa mitetemo 100 tawi linahitaji kama mita 1.2. Ni refu, lakini pikapu ina nafasi chini ya bodi, na linaweza kukunjwa kufuata chesisi. Fundi mwenye mashine ya kuchomelea na subira analitengeneza kwa bomba la kawaida. Anaanza na refu kidogo, analipunguza huku mwenye gari akienda kujaribu barabarani, na akilipata anaziba moja kwa moja. Katika mambo yote ya ekzosi, hili ndilo linalofahamika kidogo na kulipa zaidi.

Kuna imani nyingine inayozunguka gereji: kwamba injini inahitaji kubanwa kidogo nyuma ili iwe na nguvu. Hakuna injini inayofaidika kwa kusukuma moshi kwenye kizuizi. Inachohitaji ni gesi iendelee kukimbia, kwa sababu gesi yenye kasi inavuta nyuma yake ile inayofuata. Bomba likiwa pana mno, gesi inapooza na kulegea, nguvu ya mizunguko ya chini inapotea, na watu wanadhani kilichopotea ni ule mbano. Kutoka bomba la inchi 2 kwenda la inchi 2.5 unaongeza eneo la ndani kwa asilimia 56. Kwa 2F isiyobadilishwa kitu, inayobeba mzigo na kupanda vilima kwa gia ya pili, huo ni upana usio na kazi. Inchi 2 inatosha, 2.25 kama bomba ni refu. Upana ukizidi, sauti nayo inakuwa tupu.

Mwanza ina mambo yake mawili yanayoingia humu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho shinikizo la hewa limepungua kwa karibu asilimia 13. Kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani itatoa petroli nyingi kupita hewa inayopatikana. Masizi yanaziba matundu na kulowesha zile nyuzi, na petroli isiyoungua inalipuka ndani ya bomba unapoachia mafuta kwenye mteremko, hasa kama kuna mahali panapovuja hewa. Wapo wanaoipenda ile milio. Ni dalili ya ugonjwa. Kabureta isawazishwe kwanza, gasketi ya manifodi, pale ekzosi inapoungana na injini, itazamwe, flenji zikazwe, ndipo sailensa ichaguliwe. Gasketi inayovuja inatoa mlio wa tik-tik-tik ambao wengi wanaubebesha sailensa lawama.

Jambo la pili ni maji, na siyo ya ziwa. Lita moja ya petroli ikiungua inazaa karibu lita moja ya maji. Safari ndefu inayakausha yakiwa mvuke. Safari fupi za Kirumba hadi Mkuyuni, gari halijapata moto wa kutosha, yanabaki ndani ya kopo pamoja na tindikali, na sailensa inaoza kuanzia ndani huku nje inang'aa. Ukiigonga kwa fundo la kidole na kusikia inachakarisha vipande, imekwisha. Chuma cha kawaida ndicho cha bei nafuu na ndicho kinachooza mapema. Kilichopakwa alumini kinavumilia zaidi, ila pale fundi alipochomelea mpako umeungua, na kutu itaanzia hapo. Chuma kisichoshika kutu kinadumu, lakini kinalia kwa sauti ya juu kidogo ganda lake likiwa jembamba. Tundu dogo lililotobolewa sehemu ya chini kabisa ya kopo linaruhusu maji kutoka, nalo halibadilishi mlio kwa kiasi cha kusikika.

Urefu wa mkia, yaani bomba linalotoka nyuma ya sailensa, nao una uzito mkubwa kuliko unavyodhaniwa. Wapo wanaoukata uishie chini ya kabini ili sauti isikike zaidi. Sauti inasikika kweli, ila gari la miaka 40 lina matundu kwenye sakafu, kwenye pedali, kwenye mpini wa gia, na moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoua mtu akiwa anasinzia tu. Mkia upite bodi yote na utokeze nyuma au pembeni nyuma ya tairi la nyuma. Abiria wanaokaa nyuma ya pikapu wafikiriwe pia. Kwa hili sioni nafasi ya mjadala wa ladha.

Majirani nao wana haki yao, na kanuni za mazingira za mwaka 2015 kuhusu kelele na mitetemo zinawalinda. Sikio halihesabu kelele kwa jumla rahisi: ongezeko la desibeli 10 linasikika kama mlio umekuwa mara mbili. Katika mji huu wa mawe mlio hauna pa kuzama. Mwamba hauunyonyi, unaurudisha, na maji tulivu vilevile. Anayekaa Isamilo na kuwasha gari saa kumi na moja alfajiri ananunulia mtaa mzima sailensa yake.

Kwa Land Cruiser au Bedford ya silinda sita inayofanya kazi kila siku, mimi ningeanza na sailensa ya kugeuza mkondo, kubwa kadiri chesisi inavyoruhusu, kwa sababu ukubwa wa kopo ndio unaotuliza sauti nene bila kubana gesi. Anayetaka gari lisikike kidogo aongeze nyuma yake ile iliyonyooka iliyo fupi badala ya kuifunga peke yake, ikwangue mikwaruzo iliyobaki na kuacha ule uzito. Land Rover ya silinda nne inahitaji zaidi, maana vishindo vyake ni vizito na vimeachana, hivyo ikifungwa iliyonyooka pekee itakuwa na mlio wa trekta.

Halafu usilipe fedha yote gari likiwa limesimama gereji. Mwambie fundi ashikize kwa nukta chache tu za kuchomelea na klempu, kisha pakieni mzigo na mpande Bugando kwa gia ya pili, mkanyago umekwenda chini, vioo vimefungwa. Injini yenye mzigo inatoa sauti ambayo haitoi kamwe ikiwa sailensi, yaani ikizunguka polepole bila mzigo. Baada ya hapo nendeni barabara tambarare ya Kisesa, mshike kilomita 60, 70, 80, dakika kadhaa kwa kila mwendo, na mmoja wenu asimame kando ya barabara mara moja asikilize gari likipita. Ikiwa mnaweza kuzungumza ndani ya kabini bila kupaza sauti, rudini Nyakato mkachomelee.