Mvua kukatika si ruhusa ya kurudi machimboni

Mvua za Aprili zikishakatika, simu yangu haipumui. “Mtaalamu, jua limewaka siku tatu sasa, turudi kuchimba mchanga?” Msimu huu wameniuliza madereva wa malori, mafundi ujenzi, hata mjumbe wa kamati ya maafa ya kijiji, ambaye yeye ndiye angepaswa kuwazuia wenzake. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Jua linakausha ngozi ya mteremko. Poromoko linaanzia ndani.

Sehemu kubwa ya uwanda wetu wa juu wa Makonde, huku Mtwara, ni mchanga. Ndiyo maana Newala haina mito juu, na bibi zetu walishuka mabondeni kuteka maji. Mvua ikinyesha inazama, mpaka ikutane na mfinyanzi au mwamba usiopitisha, ndipo inasogea pembeni kwenda kutokea chemchemi chini ya ukingo. Safari hiyo si ya nusu saa. Wewe unaanika nguo uani, maji ya wiki iliyopita bado yanajikusanya juu ya ule mfinyanzi. Presha yake ikipanda, chembe za udongo zinaacha kukandamizana na msuguano unapungua. Mvua ya Aprili pia si sawa na ya Desemba: inakuta udongo umeshashiba miezi. Kimbunga Hidaya kilikuja mwanzoni mwa Mei 2024, msimu ukielekea ukingoni. Watu wakahesabu siku tangu upepo utulie, kana kwamba upepo ndio uliolowesha ardhi.

Linalonipandisha presha mimi mwenyewe ni hili. Mtu anaona ukuta wa mchanga umesimama wima machimboni, anasema, “Huu mgumu, ungekuwa wa kuanguka ungeshaanguka.” Umesimamishwa na unyevu kidogo unaonasa chembe pamoja, mtoto anayejenga nyumba za mchanga ufukweni Mikindani anajua hilo. Maji yakijaa kila upenyo, mnaso unakwisha. Mchanga ukikauka kabisa, unakwisha vilevile. Kwa hiyo hilo jua mnalolishangilia laweza kuangusha ukuta ambao mvua iliusamehe.

Na msiniletee habari za mikorosho. Mizizi hushika udongo wa juu, sawa. Poromoko linalokatia mita kumi chini humbeba mkorosho na shamba lake, ukiwa bado umesimama.

Siku ngapi, basi? Mtaalamu mkweli hana namba ya kukupa. Poromoko la kina kifupi huja mvua ingali inapiga. La kina kirefu laweza kuchelewa siku, hata wiki. Ripoti zetu huandika kigezo cha usalama 1.3, yaani nguvu inayoshika mteremko ikigawanywa kwa ile inayouvuta chini, wakubwa wakatulia, maana hatari ni chini ya 1. Lakini hesabu hiyo inataka kujua maji yamefika wapi ndani ya mteremko, na mara nyingi hakuna kisima cha kupimia. Tumekisia, kisha tukaweka desimali.

Mimi naamini macho zaidi: nyufa mpya zinazofuata ukingo, mti ulioanza kuinama, mguu wa mteremko uliovimba, chemchemi iliyogeuka tope. Inayonitisha kuliko zote ni chemchemi iliyokauka ghafla katikati ya mvua. Maji hayajaisha, yamezibiwa njia.

Mnaoshuka kwa miguu huko Shimo la Mungu, lile genge la Newala, piteni mkiachana, na msipumzike chini ya ukingo. Wachimbaji, kula mguu wa mteremko mkiacha paa la mchanga kichwani hakuna msimu wake, masika wala kiangazi. Lori lisubiri.