Uhakika wa chakula maji yanapojaa: maana yake

Wengi huandika "usalama wa chakula", nami hulikwepa neno hilo kwa sababu linabeba pia maana ya chakula kisicho na sumu. Uhakika wa chakula ni hali ya kaya kukipata chakula cha kutosha na chenye lishe siku zote, kiwe cha shambani au cha dukani. Mkutano wa Chakula Duniani uliofanyika Roma mwaka 1996 uliieleza dhana hii karibu hivyohivyo, na uzito wote uko kwenye "siku zote".

Mafuriko huibana dhana hii mahali pa ajabu. Chukua Teso, mashariki mwa Uganda. Huko akiba kubwa ya mkulima haiko ghalani, iko udongoni: muhogo na viazi vitamu huachwa shambani, mama akichimba vya kupika leo. Ukame ukija, akiba hiyo ndiyo mkombozi. Maji yakituama, hiyohiyo ndiyo ya kwanza kupotea, maana mizizi iliyozama huoza ndani ya siku chache. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2007, mvua zilipofunika Amuria na Katakwi, hadi Rais Museveni akatangaza hali ya dharura mwezi Septemba.

Jibu la Waiteso ni la zamani. Viazi humenywa, hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani. Hivyo ni amukeke, ambavyo baadaye huchemshwa na kuliwa na karanga za kusaga. Vikipondwa kabla ya kuanikwa, huitwa inginyo, na husagwa unga. Kipande kilichokauka sawasawa hukatika kwa mlio. Kikipinda, kirudishe juani. Lakini hii ni kazi ya kiangazi. Anayesubiri maji yafike mlangoni ndipo aanike, ataanika chini ya mawingu na kuvuna kuvu. Mahindi na karanga zilizoloa ni hatari zaidi kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu, na hapo ule "usalama" niliouweka kando unarudi wenyewe.

Kuuza mbuzi nako kunasaidia, ila wahi: kijiji kizima kikiuza wiki moja, bei huanguka, na barabara ikikatika hata mwenye pesa hapati unga wa posho, yaani wa ugali. Wenye uwezo hugawa mashamba, mpunga bondeni, muhogo mwinukoni.

Kisha kuna marando, yaani vipande vya mashina ya viazi vya kupandia, ambayo wageni huyasahau. Viazi vitamu hupandwa kwa marando, na wakulima wengi huyahifadhi kando ya kinamasi ili yasife kwa jua. Mafuriko huanzia hapohapo. Kaya yenye kitalu kidogo cha marando karibu na nyumba, penye mwinuko, hupanda tena udongo ukipumua. Jirani yake huzunguka vijiji akiyatafuta, huku msimu unampita.