Je, wajua? Namna mfanyakazi wa kiwandani anavyoweza kuwania ubunge Nairobi bila chama

Kisheria inawezekana, na ada ya kuingia si kubwa. Kifungu cha 85 cha Katiba ya 2010 kinamruhusu Mkenya asiye mwanachama wa chama chochote kusimama kama mgombea huru. Kwa ubunge anahitaji kuungwa mkono na wapiga kura 1,000 waliosajiliwa katika eneo bunge lake, na kulipa ada ya uteuzi kwa tume ya uchaguzi, IEBC. Mwaka 2022 ada hiyo ilikuwa shilingi 20,000, na nusu yake kwa mwanamke, kijana au mtu mwenye ulemavu. Shahada ya chuo kikuu haikudaiwa kwa kiti hicho. Ilidaiwa kwa rais na gavana. Msoshalisti anayeendesha mashine ya plastiki kando ya Barabara ya Lunga Lunga anaweza kuchangiwa fedha hizo na wenzake wa zamu moja.

Kinachomwangusha ni orodha mbili: ya waungaji mkono, na ya mawakala wa siku ya kura.

Kabla ya kuzifikia, inafaa kujua kwamba kwa zaidi ya miaka 40 njia hii haikuwapo. Nairobi imekuwa na wasoshalisti wa tabaka la wafanyakazi tangu ukoloni. Makhan Singh aliyeongoza vyama vya wafanyakazi pamoja na Fred Kubai alidai uhuru kamili hadharani katika ukumbi wa Kaloleni mwaka 1950, akakamatwa na kuzuiliwa hadi 1961. Pio Gama Pinto aliingia Bunge 1964 na kupigwa risasi hapa jijini Februari 1965. Mwaka uliofuata Oginga Odinga na Bildad Kaggia walikihama chama tawala, KANU, na kuunda chama cha upinzani, KPU, na Katiba ikageuzwa haraka ili wabunge waliohama warudi kwa wapiga kura. Katika uchaguzi wa mabaraza wa 1968, karatasi za wagombea wa KPU zilikataliwa kwa madai kwamba zilijazwa vibaya. Mwaka uo huo Katiba ikabadilishwa tena: hakuna kuwania ubunge bila kuteuliwa na chama. KPU ikapigwa marufuku 1969. Sharti la chama likabaki hata baada ya vyama vingi kurudi 1991, mpaka Katiba mpya ilipoliondoa.

Kwa hiyo mtu anayeamini siasa hizo asidharau fomu. Karatasi zimewatoa watu wake uwanjani tangu zamani.

Tuanze na sahihi. Msoshalisti huwaza kwanza mahali pa kazi, naye ana haki: pale ndipo watu wanajuana, wanagoma pamoja, wanalipwa sawa. Lakini eneo bunge hufuata mahali mtu alipojisajili kupiga kura. Simama saa kumi na moja jioni nje ya lango la kiwanda Eneo la Viwanda, kusanya sahihi 300, kisha uzichambue. Wa Viwandani ni wapiga kura wa Makadara. Wa Kwa Njenga na Kwa Reuben ni wa Embakasi Kusini, ingawa wote husema wanaishi mtaa wa mabanda wa Mukuru. Wa Land Mawe ni wa Starehe. Wengine wengi kura yao iko nyumbani, Kakamega au Makueni, kwa sababu walijisajili walipokwenda mashambani Desemba. Jioni nzima inaweza kukupa majina machache sana yanayofaa. Lango la kiwanda ni mahali pa kupata watu wa kukusaidia. Sahihi zitafutwe ploti kwa ploti, Jumapili na jioni, kwenye vituo vya maji na vibanda vya chakula, na kila mtu aulizwe swali moja kabla ya kushika kalamu: kura yako iko kituo gani? Akitaja shule ya msingi iliyo ndani ya eneo bunge, endelea. Akisitasita, muombe aangalie usajili wake kwanza.

Mtego wa pili ni uanachama. Anayemuunga mkono mgombea huru hatakiwi kuwa mwanachama wa chama chochote. Juni 2021, baada ya orodha za vyama kufunguliwa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, Wakenya wengi waligundua kwamba waliandikishwa katika vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Hivyo mtu anaweza kutia sahihi kwa moyo safi na jina lake bado likaleta shida. Kila anayetia sahihi apige *509# kwa Msajili wa Vyama vya Siasa papo hapo. Akijikuta ndani ya chama, ajiondoe kwanza, kisha atie sahihi siku nyingine.

Mgombea mwenyewe ana sharti zito zaidi: asiwe mwanachama kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Uchaguzi mkuu ujao unaangukia 10 Agosti 2027, kwa hiyo mwisho wake ni mapema Mei. Barua ya kujiuzulu ipelekwe kwa chama na nakala kwa Msajili, na kila nakala ipigwe muhuri wa kupokewa. Bila muhuri huna ushahidi, na mpinzani atalitumia pengo hilo. Mwalimu wa shule ya umma, muuguzi wa kaunti na askari wa kaunti ni maafisa wa umma. Hao lazima waache kazi miezi sita kabla ya kura. Aliyeajiriwa na kampuni ya binafsi habanwi na sharti hilo, lakini kampeni za 2022 zilianza 29 Mei na kuisha 6 Agosti, siku 70, wakati likizo ya mwaka inayolindwa na sheria ya ajira ni siku 21 za kazi. Mazungumzo na mwajiri kuhusu likizo isiyo na malipo yaanze mapema, tena kwa maandishi.

Turudi kwenye orodha. Inawasilishwa kwenye karatasi za A4 ikiwa na jina, nambari ya kitambulisho na sahihi, pamoja na nakala ya kielektroniki. Makosa ni yale yale kila mara: tarakimu moja ya kitambulisho imeandikwa vibaya, jina la mtaani badala ya jina la kitambulisho, mtu mmoja ametia sahihi karatasi mbili, sahihi kumi zenye mwandiko mmoja. Hilo la mwisho ni hatari kwelikweli, kwa sababu ni kughushi. Kusanya 1,600 ili ubaki na 1,000 safi. Mpe mtu mmoja makini kazi ya kuandika kwenye kompyuta kila usiku, maana ukingoja wiki ya mwisho, hutampata tena aliyekosea nambari yake. Huenda ameshahama ploti.

Alama ya kampeni nayo hupelekwa IEBC angalau siku 21 kabla ya uteuzi, na isifanane na ya chama. Wilbaro ni ya chama cha UDA, kwa hiyo chombo hicho cha mjengo hakipatikani. Chagua kitu ambacho mtu asiyesoma atakitambua kikiwa kidogo kama kidole gumba.

Orodha ya pili, ya mawakala, ndiyo inayopuuzwa, na ndiyo inayopoteza kura. Nairobi ilikuwa na wapiga kura 2,415,310 mwaka 2022 katika maeneo bunge 17, wastani wa takriban 142,000 kila moja. Kituo kimoja hakizidi watu 700. Gawanya: utahitaji mawakala wasiopungua 203. Chama huweka wakala mmoja kituoni na huyo huwalindia kura wagombea wake wote, kuanzia rais hadi mwakilishi wadi, kwa hiyo gharama hugawanywa mara sita. Mgombea huru hubeba peke yake. Ukimlipa kila wakala shilingi 1,000 tu, ni 203,000, mara kumi ya ada ya uteuzi, kabla hujanunua chai na mkate. Vyama vilivyohitimu hupata mgao wa Hazina ya Vyama vya Siasa. Mgombea huru hapati hata senti.

Hapa ndipo naona msoshalisti aliyejenga mtaani anaweza kumzidi tajiri. Wakala wa kukodiwa huondoka saa tatu usiku mwenye pesa akiacha kupokea simu. Aliyekuja kwa sababu anataka mshahara unaolipa kodi ya nyumba hukaa hadi Fomu 35A, ile ya matokeo ya ubunge ya kituo, ijazwe, akaipiga picha na kuituma. Kamati ya sahihi isivunjwe baada ya uteuzi: watu 210 kati ya wale 1,600 ndio mawakala. Wawe na barua za uteuzi, waape kutunza siri, wafundishwe kusoma fomu na kukagua jumla: kura halali za wagombea wote, zilizokataliwa, na waliosajiliwa.

Kuhusu michango, sheria ya uchaguzi inamzuia mgombea kushiriki harambee kwa miezi minane kabla ya uchaguzi mkuu, yaani kuanzia 10 Desemba 2026, na adhabu ni kuondolewa. Hata mchango wa mazishi ya jirani uwe na tahadhari. Harambee ya kumchangia mgombea mwenyewe imeachwa nje ya katazo hilo, kwa hiyo shilingi 50 za kila wiki kutoka kwa watu 800 ni halali. Weka hesabu wazi inayoonekana na wachangiaji.

Mgombea huru kushinda si ndoto. Kasarani ilimchagua Ronald Karauri bila chama mwaka 2022, ingawa yeye ni mfanyabiashara na rubani wa zamani, na mfuko wake si wa mtu wa zamu ya usiku. Akifika Bungeni, mbunge huru ni mmoja kati ya 349. Nafasi katika kamati hugawanywa kwa kufuata nguvu za vyama, huku wabunge huru wakizingatiwa, kwa hiyo aombe mapema kamati ya leba kabla ya majina kufungwa. Mswada wake wa kuongeza matumizi ya serikali utahesabiwa kuwa mswada wa fedha na kupitia kamati husika kwanza. Na akijiunga na chama kabla ya muhula kuisha, Kifungu cha 103 cha Katiba kinamvua kiti.