Krayoni nyeupe msiitupe

Jumamosi mzazi mwingine kanikabidhi pakiti ya krayoni za mwanawe, nyeupe haimo. "Mwalimu, ile niliitupa, haionekani kwenye karatasi." Nimelisikia neno hili mara nyingi mno, na safari hii limeniuma, maana siku hiyo tulikuwa tunachora kanga.

Kanga ndege: mwili wa kijivu kizito uliojaa madoa meupe, uso wa buluu, nyama nyekundu mashavuni. Ukisubiri mwili upakwe ndipo uweke madoa kwa rangi za maji, umechelewa. Nyeupe ikigusa nyeusi mbichi inageuka kijivu. Madoa hutangulia. Mtoto anadonoa krayoni nyeupe kwenye karatasi nyeupe, haoni kitu, anakutazama kwa mashaka. Kisha anapitisha brashi yenye nyeusi na buluu, na madoa yanachomoza. Nta imeyakataa maji. Darasa zima hupiga kelele hapo, na kwa kelele hizo naipenda kazi hii.

Wanaosema "nimejaribu, imegoma" karibu wote wamekoroga rangi ya poda kama uji. Rangi nzito hufunika nta. Iwe nyepesi kama chai ya rangi, tafadhali! Na krayoni ikandamizwe hadi nta ing'ae. Inamisha karatasi kuelekea dirishani, utaona madoa yakimeta.

Karatasi iwe manila, ya daftari hujikunja. Ikikauka, bandika mabawa ya vipande vya khanga kuukuu, kitambaa ambacho wengi husema kilipata jina kwa ndege huyuhuyu. Jicho ni la makapeni, mwisho kabisa, na pale pasiguswe na nta, la sivyo wino utateleza.

Jambo moja bado linanisumbua. Watoto wa miaka minne hawana nguvu ya kukandamiza, nami kwa muda mrefu nilikuwa nayapitia madoa yao kwa mkono wangu. Kanga alitoka safi, lakini alikuwa wa nani? Nilipoacha, wengi walipata ndege mweusi tii. Mmoja alilia. Mwingine akaniambia wake amelala, ni usiku.

Sasa wadogo nawapa kipande cha mshumaa mnene, wanaukamata kwa ngumi na nta inatoka vizuri zaidi. Yule mzazi nimemwomba alete mmoja Jumamosi ijayo.