Manase na Ahazi: Mateso Yanapozaa Toba na Yasipoizaa

Katika kazi yangu ya kufundisha Agano la Kale, wachungaji huniuliza mara kwa mara kama mateso ya muumini ni fimbo ya Mungu ya kumtoa dhambini. Kabla ya kujibu huwaomba tusome Luka 13, ambapo Yesu anakanusha kwamba watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, na papo hapo anawaita wasikilizaji wake watubu. Kwa hiyo hatuna ruhusa ya kusimama kando ya kitanda cha mgonjwa na kumtafutia dhambi iliyomlaza.

Hata hivyo, yako mateso ambayo Maandiko yenyewe yanayafungamanisha na dhambi, kama yale ya mfalme Manase katika 2 Mambo ya Nyakati 33. Manase, aliyetawala Yuda miaka 55, aliwajengea Mabaali, miungu ya Wakanaani, madhabahu, akasimamisha sanamu ndani ya nyumba ya Mungu na kuwapitisha wanawe motoni katika bonde la mwana wa Hinomu. Maakida wa Ashuru wakamfunga pingu, wakampeleka Babeli, na katika dhiki hiyo akajinyenyekeza, akaomba.

Ni rahisi kudhani kwamba pingu ndizo zilizomtubisha. Lakini sura ya 28 ya kitabu hichohicho imekwisha kutuonyesha babu yake, Ahazi, ambaye alipobanwa alizidi kuasi, akaitolea dhabihu miungu ya Dameski, kwa hoja kwamba iliwasaidia wafalme wa Shamu na hivyo ingemsaidia yeye pia. Wote wawili waliteseka. Ahazi alitafuta nafuu popote ilipopatikana, Manase alimtafuta Mungu aliyemkosea. Naamini mahubiri yetu mengi hayajaitilia maanani tofauti hiyo, ndiyo maana tunayapokea machozi ya mtu aliyebanwa kana kwamba tayari ni toba.

Toba ya Manase ilionekana aliporudi Yerusalemu, pingu zikiwa zimefunguliwa: aliiondoa sanamu nyumbani mwa Bwana na kuzitupa nje ya mji madhabahu ambazo, mwandishi anasisitiza, alizijenga yeye mwenyewe. Kwa sababu hiyo anayekuja kwangu kutubu wizi mimi humuuliza, tukishamaliza kuomba, fedha za watu zitarudishwa lini.

Msamaha, hata hivyo, haukurudisha kila kitu. Amoni mwanawe alizitolea dhabihu sanamu zilizotengenezwa na baba yake, na 2 Wafalme 24 bado inaihesabu damu isiyo na hatia ya siku za Manase miongoni mwa sababu za kuangamia kwa Yuda. Nawafahamu waumini waliotubu kwa kweli ambao ndoa zao hazikurudi wala watoto wao hawajawaamini tena, nao hudhani kwamba hawakusamehewa. Hao mimi huwasomea kwanza aya ya 13 ya 2 Mambo ya Nyakati 33, inayosema kwamba Mungu aliisikia dua ya Manase, na ndipo tunapozungumza habari za Amoni.