Je, wajua? Kwa nini mkazi wa Leningrad aliwekwa kati ya mvivu na mfuasi wa Lenin

Sergei Ozhegov alitunga kamusi ambayo Warusi wengi hadi leo huitaja kwa jina lake tu: "Hebu angalia kwenye Ozhegov." Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1949, juzuu moja, maneno 50,100. Kwa kubana nafasi, aliweka kanuni ya kutoingiza majina ya wakazi wa miji. Ni kanuni ya busara, maana ukianza kuorodhesha watu wa kila mji hutamaliza. Lakini kidahizo kimoja kiliruka uzio huo: leningradets, mkazi wa Leningrad, mji uliopewa jina la Lenin, kiongozi wa mapinduzi.

Kwa nini huyo apite na wenzake wabaki nje? Jibu wanalosimulia wanaisimu wa Kirusi ni fupi: alfabeti. Panga maneno kwa herufi za Kirusi uone. Kuna lenivy, mvivu. Ukishuka unakuta leninets, mfuasi wa Lenin, kisha leninizm, kisha leninsky, -a Lenin. Jicho linatoka kwa mvivu na kutua kwa Lenin bila hata kupumua. Katika nchi ambayo sanamu ya Lenin ilisimama kila uwanja wa mji, huo haukuwa ujirani wa kuachwa hivihivi. Leningradets linaangukia palepale kwenye ufa, kati ya mvivu na mfuasi, kwa hiyo likaingizwa lisimame kama mlinzi mlangoni.

Upande wa chini haukuwa na dawa. Baada ya leninsky, alfabeti inaleta lenitsya, kufanya uvivu. Hapo hapakuwa na mji wa kuokoa jahazi.

Kisa hiki kinachekesha ukikisikia mara ya kwanza. Mimi kimenikaa moyoni kwa sababu kinaeleza kitu ambacho wasomaji wa kamusi hatukifikirii. Mwandishi wa riwaya aliyeogopa wadhibiti aliweza kuhamishia hadithi yake karne nyingine au nchi ya kubuni. Mshairi aliweza kufungia shairi lake kwenye mtoto wa meza. Mtunga kamusi hana pa kujificha. Kazi yake ni kusema maneno yote ya watu na maana zake, na kuyapanga kwa utaratibu usiomjali mkubwa wala mdogo. Akiacha neno, kila msomaji anaona pengo. Akilitia, lazima alifasili, na fasili ni msimamo. Huwezi kueleza maana ya "uhuru", "mkulima tajiri" au "Mungu" bila kuegemea upande fulani, na katika Umoja wa Kisovieti upande ulikuwa mmoja tu.

Msimamizi wa upande huo alikuwa Glavlit, idara ya udhibiti iliyoanzishwa Juni 1922. Kitabu hakikwenda mtamboni bila idhini yake, na gazeti, bango na hata tiketi vilipitia mikononi mwake. Kamusi ilikuwa mzigo mzito zaidi kwa mdhibiti, kwani haina mhusika wa kulaumiwa wala hadithi ya kufuata. Ina maelfu ya vipande vidogo, na kila kimoja kinaweza kuwa kosa.

Ajabu ni kwamba kazi yenyewe ilianza kwa matakwa ya Lenin. Januari 1920, nchi ikiwa vitani na njaa imetanda, alimwandikia Lunacharsky, kamishna wa elimu. Alisema amepitia kamusi ya Dal, ile kubwa ya karne ya 19, akaiona nzuri mno lakini ya lahaja za mikoani na iliyopitwa na wakati. Je, si muda wa kutunga kamusi ya Kirusi halisi, ya waandishi kutoka Pushkin hadi Gorky? Akapendekeza wasomi 30 wakalishwe kwenye kazi hiyo, wapewe posho ya askari wa Jeshi Jekundu. Kwa msomi wa Moscow mwaka ule, posho ya askari ilikuwa mkate, na mkate ulikuwa uhai.

Jaribio la kwanza lilikufa mwaka 1923. Lililozaa matunda lilikuwa la Dmitry Ushakov, profesa wa Moscow aliyezaliwa mwaka 1873, aliyekuwa mtu mzima kabla hata mapinduzi ya 1917 hayajatokea. Aliwakusanya wasomi wa lugha Vinogradov, Vinokur, Larin, Tomashevsky, na kijana aliyeitwa Ozhegov. Kati ya 1935 na 1940 wakatoa juzuu nne zenye maneno zaidi ya 85,000.

Miaka hiyo haihitaji maelezo mengi kwa anayejua historia ya Stalin. Mwishoni mwa 1933 na mwanzoni mwa 1934 polisi wa siri walikamata wataalamu wa lugha na tamaduni za Kislavoni, wakidai ni wanachama wa chama cha siri, chama ambacho polisi wenyewe ndio waliokibuni. Miongoni mwao alikuwa Nikolai Durnovo, ambaye Ushakov aliwahi kuchora naye ramani ya lahaja za Kirusi. Alipigwa risasi mwaka 1937. Afanasy Selishchev, aliyeandika mwaka 1928 kitabu kuhusu lugha ya zama za mapinduzi, akapelekwa kambini. Vinogradov, nguzo ya kamusi yenyewe, akapelekwa uhamishoni Vyatka, mbali na Moscow. Vita vilipoanza mwaka 1941 akafukuzwa tena, safari hii Tobolsk, Siberia. Miaka mitano baadaye mtu huyohuyo akachaguliwa kuwa mwanachama kamili wa Akademia ya Sayansi. Huo ndio uliokuwa usalama wa msomi: leo mshukiwa, kesho mheshimiwa, na kesho kutwa hakuna ajuaye.

Sasa swali la namna. Waliwezaje kutoa kamusi ya kweli katika hali hiyo? Kwa maoni yangu walipona kwa vitu viwili vidogo ambavyo msomaji wa kawaida huviruka: alama za matumizi na vineno vya shaka.

Tuanze na alama. Kila kamusi ina vifupisho vya kuonyesha neno ni la kale, la mazungumzo au la kitaalamu. Ushakov na wenzake waliongeza vya zama zao. Kulikuwa na "jipya", kwa maneno yaliyozaliwa na mapinduzi. Kulikuwa na "la ng'ambo", kwa mambo ya nchi za kibepari. Na kulikuwa na "la kabla ya mapinduzi", ambalo utangulizi wa kamusi unalieleza kuwa ni la vitu vilivyofutwa na maisha mapya. Mifano waliyotoa ni pamoja na prosheniye, barua ya maombi kwa mamlaka, na prisluga, watumishi wa nyumbani.

Tulia hapo kwenye prisluga. Kwa mujibu wa kamusi, watumishi wa nyumbani walikuwa jambo lililopita. Lakini katika Moscow ya miaka ya 1930 wasichana wengi waliotoka vijijini walikuwa wakipika, wakifua na kulea watoto katika nyumba za maofisa na wasomi. Waliitwa kwa jina jipya, domrabotnitsa, mfanyakazi wa nyumbani. Neno la zamani likapigwa muhuri wa ukale, kazi ikabaki ileile. Hapa sitawatetea watunga kamusi: alama hiyo ilisema uongo. Ila tazama pia ilichookoa. Prisluga halikufutwa. Mtoto wa shule aliyekutana nalo katika hadithi za Chekhov alilikuta kwenye kamusi, na maana yake iko sawa. Alama ilikuwa ushuru uliolipwa mpakani ili neno lipite.

Kineno cha shaka ndicho kinachonigusa zaidi, kwa sababu Kiswahili kina kile hasa. Fungua Ushakov kwenye neno bog, Mungu. Fasili inasema kuwa, kwa imani za kidini, ni aliye mkuu anayesimama budto by juu ya ulimwengu. Budto by ni "eti" yetu. Aliye mkuu ambaye eti yuko juu ya ulimwengu! Tunajua sote eti inavyofanya kazi: mtu hakanushi, hathibitishi, anainua nyusi tu. Kineno kimoja ndani ya kamusi ya kitaaluma, mahali ambapo hakuna mtunga kamusi anayetarajiwa kuinua nyusi, na Mungu akapata kibali cha kuchapishwa katika nchi iliyokuwa ikibomoa makanisa.

Haikutosha. Juzuu ya kwanza ilipotoka mwaka 1935, wakosoaji waliishambulia kwamba imejaa maneno ya kizamani na haina makali ya kisiasa. Kwenye juzuu zilizofuata, kando ya jina la Ushakov kama mhariri mkuu likaongezwa la pili: Boris Volin. Volin alikuwa amekiongoza Glavlit chenyewe kuanzia 1931 hadi 1935. Mkuu wa zamani wa wadhibiti wa nchi nzima sasa alikuwa ndani ya kamusi, jina lake kwenye ukurasa wa mbele. Kazi ikaendelea. Ushakov aliona juzuu ya nne ikitoka, akafa Aprili 1942 huko Tashkent alikohamishwa wakati wa vita.

Ozhegov alibaki Moscow vita vyote, na kamusi ndogo aliyoirithi kimawazo kutoka kwa mwalimu wake ndiyo ile ya 1949. Alikuwa ameanza pamoja na Vinokur, ambaye alifariki mwaka 1947 bila kuiona. Juni 1950, gazeti la idara ya propaganda ya Kamati Kuu ya chama liliishambulia kwa makala yenye kichwa kinachosema hii ni kamusi iliyoshindwa. Mwaka huo, makala ya namna hiyo katika gazeti la namna hiyo iliweza kumaliza kazi ya mtu, na wakati mwingine mtu mwenyewe. Ozhegov hakunyamaza wala kuomba radhi. Alilijibu gazeti kwa barua, akaitetea kazi yake.

Siku chache baada ya makala ile, tarehe 20 Juni 1950, Stalin mwenyewe alichapisha katika Pravda, gazeti la chama, makala kuhusu isimu. Aliipindua nadharia ya Nikolai Marr, iliyokuwa imetawala vyuo kwa miaka mingi, kwamba lugha ni zao la tabaka na kwamba lugha zote zimetokana na mizizi minne: sal, ber, yon na rosh. Wanaisimu walioteswa kwa kuikataa wakaamka wakiwa upande sahihi. Walioisifu wakaanza kuomba msamaha. Katika vumbi hilo kamusi ya Ozhegov ilipona, na toleo la pili likatoka mwaka 1952.

Kuna jambo jingine lililowatesa watu wa vitabu vya marejeo: kitabu kikishauzwa hakirudi kiwandani, lakini siasa inageuka. Mfano unaojulikana zaidi ni wa ensaiklopidia kubwa ya Kisovieti. Juzuu ya tano ilikuwa na sifa na picha ya Beria, mkuu wa usalama. Beria akakamatwa na kuuawa mwaka 1953. Walionunua juzuu hiyo wakapokea barua ya kuwashauri wakate kurasa za 21 hadi 24 kwa mkasi au wembe na kugundisha karatasi mpya zilizoambatishwa, ambazo zilirefusha habari za Bahari ya Bering. Fikiria baba ameketi mezani jioni, wembe wa kunyolea ndevu mkononi, akikata ensaiklopidia yake mwenyewe.

Na yalikuwapo maneno ambayo hakuna alama wala eti iliyoweza kuyapitisha: maneno ya kambi za wafungwa. Mamilioni ya watu waliyajua, wakarudi nayo majumbani. Aliyeyakusanya alikuwa Jacques Rossi, mkomunisti wa Kifaransa na Kipolandi aliyekamatwa mwaka 1937 na kukaa kifungoni karibu miaka 20, mingi kati ya hiyo huko Norilsk, kaskazini ya mbali. Kamusi yake ya Gulag, iliyoandikwa kwa Kirusi, ilichapishwa mwaka 1987, London.

Ozhegov hakufika huko wala hakujaribu. Vita vyake vilikuwa vya ndani ya ukurasa, neno kwa neno. Mwaka 1958 huduma ya kujibu maswali ya lugha ilianzishwa katika Taasisi ya Lugha ya Kirusi, naye akiwa mmoja wa watu wake, ili mtu yeyote aweze kupiga simu na kuuliza neno litamkweje au liandikweje. Toleo la nne la kamusi, la 1960, alilifanyia kazi upya. Yaliyofuata yalikuwa ya kunakiliwa tu, na hilo lilimkera. Mapema mwaka 1964 aliwaandikia wachapishaji kwamba haoni sababu ya kuendelea kuitoa kamusi vilevile ilivyo: kuna maneno mapya ya kuingiza, kuna yaliyochakaa ya kuondoa, kuna maana za kusahihisha. Alitaka kuanza.

Alifariki Desemba mwaka uleule. Toleo lililorekebishwa, chini ya Natalia Shvedova, lilitoka mwaka 1972.