Kwa nini kitenzi "must" hakina wakati uliopita?

Kiingereza husema "he walks" na "he walked", lakini hakisemi "he musts" wala "he musted". "Can", "may" na "shall" navyo havipokei hiyo s. Darasani tunaambiwa tukariri tu. Naona ni hasara, maana sababu yake Mswahili anaielewa upesi.

Tazama neno "amelala". Umbo ni la tendo lililokwisha, ila ukiambiwa mtoto amelala unajua yuko usingizini sasa hivi. "Can", "may" na "shall" vilipita njia hiyohiyo zamani sana: umbo lilikuwa la wakati uliopita, maana ikahamia wakati uliopo. "Can" ilianzia kwenye kuwa umeshajua jambo. Basi unalijua, basi unaliweza. Na kwa kuwa "he walked" haina s, hata leo ni "he can".

Baadaye vikaundiwa wakati uliopita mpya: "could", "might", "should". Navyo vikaanza kuhama, ndiyo maana "you should rest" ni ushauri wa sasa. "Must" yenyewe ilikuwa wakati uliopita wa kitenzi "motan" cha Kiingereza cha Kale. Nayo ikahamia wakati uliopo, ila haikuundiwa umbo jipya la uliopita.

Kwa hiyo yaliyopita ikabidi yabebwe na "have". Hapa ndipo pa kufanyia mazoezi kweli. Umebisha hodi kwa jirani, kimya, na viatu havipo mlangoni. "They must have gone out": watakuwa wametoka. Huna hakika hivyo? "They might have gone out": huenda wametoka. Ukiona sufuria ingali jikoni inachemka, "they can't have gone far", hawawezi kuwa wameenda mbali. Usichanganye na "they had to go out", yaani walilazimika kutoka. Hapo hubahatishi, unasimulia.

Ukisikia "should of", hiyo ni "should've" iliyoandikwa kama inavyosikika. Hata wazawa wa lugha huikosea. Wewe andika "should have", kisha kitenzi katika umbo la tatu: "gone", si "went".

Jozi ninayoipenda zaidi ni hii. "You needn't have cooked" huambiwa aliyekwisha kupika: umejisumbua bure, tumeshakula. "You didn't need to cook" husema tu kwamba haja haikuwepo. Kama ulipika au hukupika, sentensi haisemi.